Uliisikia Wapi? GNX na Masikio ya Nairobi

Tangu Kendrick Lamar, rapa wa Compton kule Los Angeles, atoe GNX tarehe 22 Novemba 2024, vijana wanaokuja kurekodi kwangu huku Eastlands hawaishi kuniuliza: albamu hii ni kali kweli, ama imezidishiwa sifa? Mimi ni fundi mitambo. Kazi yangu ni kuchanganya sauti za marapa wa hapa mjini na kuziandaa zitoke. Kabla sijajibu, nami huuliza langu: uliisikia wapi? Wengine hudhani nawakwepa. Siwakwepi hata kidogo. Mtu akishanitajia mahali na chombo alichosikilizia, nusu ya maoni yake naijua kabla hajafungua kinywa.

Albamu ilishuka bila tangazo lolote. Huko Marekani ilikuwa mchana wa Ijumaa, na huku kwetu usiku ulikuwa umeshaingia. Ina nyimbo 12, jumla yake dakika 44 hivi. Miezi michache nyuma, Kendrick alikuwa amepambana kwa nyimbo na rapa mwenzake Drake, na Not Like Us, ule wimbo wa Mei 2024 uliomaliza ugomvi, ukaja kunyakua Grammy tano mwezi Februari 2025. Humu hauko. Basi wako waliofungua albamu wakitafuta raundi nyingine ya vita, na wako walioichukia kwa sababu upande wao ulipigwa. Hao sina la kuwaambia, maana hukumu yao ilikuwa tayari kabla ya wimbo wa kwanza.

Wanaonivutia ni wale waliosikiliza kwa moyo safi na bado wakatofautiana vikali. Nairobi wako wengi, na mara nyingi mpaka kati yao ni spika.

Tuanze na watu wa nganya. Ukipanda matatu ya Rongai au ya Umoja yenye mziki wa maana, utakuta spika za besi zimefungwa chini ya viti na nyuma kabisa. Makanga mmoja niliyemuuliza kuhusu albamu hii hakutaka mjadala: "Buda, hii kitu inagonga mpaka kifua." Alisema kweli, na kweli hiyo ina maelezo yake. Noti nzito ya besi, tuseme ya hezi 40, yaani mitikisiko 40 kwa sekunde, ina wimbi lenye urefu wa mita 8 na nusu hivi. Huo unakaribia urefu wa matatu yenyewe, au unauzidi. Wimbi la namna hiyo likiwa ndani ya gari fupi lililofungwa madirisha halina nafasi ya kutembea. Badala yake hewa yote ya mle ndani husukumwa na kuvutwa kwa pamoja, na kadiri noti inavyozidi kuwa nzito ndivyo gari linavyozidi kuipa nguvu. Chumba cha kawaida hakifanyi hivyo kwa kiasi hicho. Fungua madirisha mawili tu na utasikia besi ikilegea.

Sasa tazama albamu imepewa jina gani. GNX ni gari, Buick nyeusi ya mwaka 1987, mwaka aliozaliwa Kendrick mwenyewe, na zilitengenezwa 547 pekee. Los Angeles ni mji wa magari, na rap ya pwani ile, hasa tangu Dr. Dre atoe The Chronic mwaka 1992, imekuwa muziki wa kusikilizwa ukiwa kwenye usukani. Ukiisikiliza GNX kwa sikio la fundi unaona imefuata njia ile ile: besi imepewa nafasi kubwa chini, makofi makali juu, sauti ya rapa katikati, na kati ya vitu hivyo vitatu kumeachwa uwazi mpana. Watayarishaji Sounwave na Jack Antonoff wana mkono karibu katika kila wimbo, na Mustard ameshika baadhi. Mustard ndiye anayejulikana kwa biti zenye vyombo vichache. Humsikii akijaza pengo kwa sababu tu pengo lipo.

Antonoff alizua manung'uniko hata hapa. Watu wanamjua kwa kazi yake na Taylor Swift, wakauliza mtu wa pop anatafuta nini kwa Kendrick. Mimi sioni kosa lake mle. Uwazi ule ungekuwa wa kwanza kupotea kama angeleta mkono wa pop, na haukupotea.

Lakini uwazi huo huo ndio ulioigombanisha albamu na watu wa simu. Nairobi wasikilizaji wengi wanasikilizia kwenye spika ya simu: imeegemezwa kwenye glasi jikoni, iko mfukoni mwa shati, iko juu ya meza ya duka. Spika ile upana wake haufiki sentimita mbili. Chini ya hezi 200 au 300 hivi haina inachoweza kufanya. Besi yote niliyoieleza hapo juu, ile iliyompiga makanga kifuani, kwenye simu haipo. Si kwamba imepungua. Haipo.

Kuna jambo moja linaloweza kuiokoa, nalo ni ubongo wa msikilizaji. Noti ya besi huja na sauti ndogondogo juu yake. Noti ya hezi 80, kwa mfano, hubeba pia hezi 160, 240, 320, 400 na kuendelea. Simu ikitoa hizo za juu, ubongo huona mpangilio wake na kujaza ile ya 80 ambayo spika haikuitoa kabisa. Msikilizaji ataapa kwamba ameisikia besi. Ila sharti hizo za juu ziwepo. Besi safi sana, laini, isiyo na mikwaruzo, ina chache mno, na ikipita kwenye simu hubaki makofi na mtu anayeongea. Hapo ndipo unapomsikia msichana wa chuo, mtu mwenye masikio mazuri kabisa, akikuambia albamu ni tupu, kwamba Kendrick amepunguza bidii. Hajakosea kuhusu alichosikia.

Linganisha na albamu ya Kendrick ya mwaka 2015, To Pimp a Butterfly, ambayo ndiyo fimbo wanayoipigia GNX. Mle kuna saksafoni ya Kamasi Washington, kuna gitaa la besi la Thundercat lenye vidole vinavyosikika, kuna piano, kuna sauti za watu zimepangwa juu ya sauti. Karibu vyote hivyo vinaishi katikati, pale pale simu inapoweza. Albamu ile ukiisikilizia kwenye simu mbovu inapoteza kidogo tu. GNX inapoteza miguu yote miwili. Kwa hiyo mtu wa simu anapozipima hizi mbili, moja imefika kwake nzima na nyingine imefika nusu, na wala hajui kuna nusu iliyobaki njiani.

Nimelijaribu hili studio na vijana wengi. Nawawekea wimbo wa GNX kwenye simu, kisha ule ule kwenye spika kubwa, kisha wa 2015 kwa utaratibu huo huo. Kinachonifurahisha kila mara ni kuona mtu aliyekuwa akiiponda albamu dakika kumi zilizopita akitikisa kichwa huku akinitazama kama nimebadilisha wimbo. Wachache hubaki pale pale, na hao nawaheshimu, maana sasa najua maoni yao yanahusu muziki wenyewe.

Bando nalo lina mchango, ingawa mdogo kuliko watu wanavyodhani. Spotify ikiwekwa kwenye kiwango cha chini kabisa ili kuokoa data hutuma kilobiti 24 kwa sekunde, wakati kiwango cha juu albamu hii ilipotoka kilikuwa 320. Kwenye 24 sauti za juu huchakaa kwanza: matoazi, na ile "s" ya rapa mwisho wa neno. Kama unaweza kupakua ukiwa kwenye waifai, pakua kwa kiwango cha juu. Basi.

Kinyozi ndiko nadhani albamu hii ilihukumiwa kwa haki zaidi, na kinyozi hasifiwi vya kutosha kama mahali pa kusikiliza rap. Kuna wufa ya kutosha lakini si ya kuua maneno, mteja ameketi tuli, na kuna watu wa kubishana naye. Kwenye nganya, kelele ya barabara na besi yenyewe hufunika masafa ya katikati ambako konsonanti hukaa. Kwa hiyo abiria anahukumu mdundo na mwendo wa sauti. Mistari yenyewe anapata vipande. Kwa kinyozi mistari inafika, na mabishano yakabadilika sura.

Wimbo uliobishaniwa sana ni Reincarnated. Watu wa umri wangu waliitambua biti mara moja kwa sababu imechotwa kwa 2Pac, na 2Pac huku amechorwa kwenye matatu na kuta za mitaa kabla ya hawa vijana kuzaliwa. Juu ya biti hiyo Kendrick anasimulia maisha ya zamani: mpiga gitaa wa mwaka 1947, kisha mwanamke mwimbaji aliyemalizwa na dawa za kulevya, kisha yeye mwenyewe akijibizana na Baba. Ndani yake anataja Isaya 14. Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake, mtu wa kanisa, hana habari na rap, aliposikia hivyo aliuliza ni nani huyo. Alijua sura ile inamzungumzia nani, Lusifa, ile nyota ya alfajiri iliyoanguka kutoka mbinguni, na akawaeleza vijana kwa nini mwimbaji angejiweka karibu na jina hilo. "Vijana wangu, huyo anatubu," aliwaambia. Pale ndani palikuwa na watu waliokuwa wameusikia wimbo huo wiki nzima bila kuufikia. Tangu hapo siamini mtu akiniambia Wakenya hawawezi kuielewa rap ya Compton kwa undani. Jumapili na Biblia vimetupa funguo ambazo wasikilizaji wengine hawana.

Kuna lawama nyingine niliyoisikia kwa watu wazima zaidi kuliko vijana: hawa wageni ni kina nani? SZA wanamjua, Roddy Ricch wanamjua. Lakini Dody6, Lefty Gunplay, Peysoh, YoungThreat, Hitta J3? Albamu kubwa hivi, na nafasi wamepewa watu wa mitaani Los Angeles ambao dunia haikuwa imewasikia. Wimbo wa mwisho kabla ya ule wa kufunga, unaobeba jina la albamu, wameshirikishwa watatu kati yao.

Vijana wa Umoja na Dandora hawakuuliza swali hilo. Wao wameshaona ladha hiyo. Mwaka 2018 kundi la Ethic walipotoka Umoja na wimbo wao Lamba Lolo, redio ziliuliza hivyo hivyo, na mtaa ulikuwa na jibu tayari. Na kabla yao kundi la Kalamashaka walitoka Dandora miaka ya tisini wakighani Kiswahili na Sheng ya kwao, na wakavuta kundi zima la marapa nyuma yao. Mtu mkubwa kuwapandisha wenzake wa mtaani jukwaani, na lafudhi yao ikiwa mbichi vile vile, ni kitu ambacho rap ya Nairobi inakijua vizuri. Naipenda GNX kwa hilo kuliko kwa chochote kingine. Sauti za vijana wale hazijapigwa pasi. Ukisikiliza kwa hedifoni nzuri unasikia kila mmoja ana mdomo wake na pumzi yake, na fundi aliyechanganya amekataa kuwafanya wafanane na bosi.

Kwa hiyo niseme langu. Kwa upana wa mawazo, albamu ya 2015 iko juu, na anayesema hivyo baada ya kuzisikia zote mbili sawasawa sina ubishi naye. Katikati ya GNX kuna mahali nadhani mwendo unalegea. Luther, ule wimbo wake na SZA uliokaa namba moja Marekani wiki 13, ni mzuri, ila ungeweza kukaa kwenye albamu yoyote. Lakini anayesema GNX ni kazi ya haraka, au biti zake hazina kitu, huyo nitamwomba aje studio. Kuacha nafasi tupu kwenye biti na isianguke ni kazi ngumu kuliko kuijaza, na mimi nailipia kodi ya nyumba kwa kujaribu kuifanya.

Kijana mmoja ninayemfanyia albamu sasa hivi anataka besi ya namna ile. Nimemwambia ataipata, lakini watu wake watamsikia kwenye simu kwanza. Kwa hiyo besi yake naigawa mara mbili. Nakala ya kwanza naiacha safi, kwa ajili ya nganya na klabu. Ya pili naitia mikwaruzo mpaka iote zile sauti za juu nilizozitaja, naikata yote iliyo chini ya hezi 200 hivi, kisha nairudisha chini ya ya kwanza, pole pole, mpaka simu yangu iliyo juu ya meza ianze kusikika kama ina besi. Hapo tunashuka chini, tunaisikiliza kwenye gari la jirani madirisha yakiwa yamefungwa, na kama maneno yamezama tunarudi juu kupunguza.