Kuseti difu ya mbele ni kufanya nini hasa?

Kwenye gereji za Dar es Salaam neno "kuseti difu" husikika kila siku, na wenye magari wengi hulilipia bila kujua wamelipia kitu gani. Mtu anajua difu ya mbele, lile sanduku la gia lililo kwenye ekseli ya mbele, imekatika meno. Anajua krauni na pinioni, gia mbili zinazoshikana ndani yake, zimenunuliwa Kariakoo, na risiti anayo. Halafu kwenye hesabu ya fundi anaona mstari mwingine: kuseti. Anadhani ni hela ya soda. Kumbe hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kufungua na kufunga difu kijana akifundishwa miezi michache anaweza. Kuseti ndiko kunakoamua kama difu itakaa miaka au itarudi gereji mwezi haujaisha, ikilia.

Nazungumzia magari ya zamani ya porini: Land Rover 109, Land Cruiser za BJ40 na FJ40, na ndugu zao wa rika hilo. Hapa mjini bado zinatembea, na nyingi zimekufa difu ya mbele kwa sababu ambazo zingezuilika.

Kwanza difu yenyewe. Mwangalie kijana wa mkokoteni pale Kariakoo anapokata kona akiwa na magunia. Gurudumu la ndani ya kona linakaribia kusimama, la nje linakimbia. Inawezekana kwa sababu kila gurudumu liko huru kwenye chuma chake, na anayesukuma ni mtu kwa miguu yake. Kwenye gari, nguvu inapitia kwenye magurudumu yenyewe, kwa hiyo hayawezi kuachwa huru, na pia hayawezi kufungwa pamoja. Kwenye 109 gurudumu la kushoto na la kulia yameachana kama mita 1.3. Ukigeuza gari nusu duara kurudi ulikotoka, la nje linatembea mita 4 zaidi ya la ndani. Yangefungwa kwenye chuma kimoja, moja lingeburuzwa mita zote hizo kila unapogeuza. Fundi saa wa Ufaransa, Onésiphore Pecqueur, alilitatua jambo hili miaka ya 1820, akifikiria magari ya mvuke. Gia ndogo alizozipanga katikati ya shafti mbili ndizo hizi tunazozikuta ndani ya difu mpaka leo: zinasukuma pande zote mbili, huku zikiruhusu upande mmoja uwahi na mwingine uchelewe.

Zile gia ndogo zimo ndani ya kesi, na kesi imefungwa kwa bolti kwenye gia kubwa ya duara, ndiyo krauni. Krauni inazungushwa na pinioni, gia fupi iliyo kwenye mwisho wa propela, ile shafti ndefu inayoleta nguvu kwenye difu. Kwenye Land Rover ya zamani pinioni ina meno 10 na krauni ina meno 47, ndiyo maana difu yake inaitwa 4.7: propela inazunguka mara 4.7 ili gurudumu lizunguke mara moja. Land Cruiser nyingi za miaka ile zina meno 9 kwa 37, yaani 4.11.

Difu ya mbele ina tofauti moja ambayo mafundi wengi hawaambiwi. Kwenye Land Rover nyingi za aina hii, na kwenye Land Cruiser za 40, kiwanda kilichukua difu ya muundo uleule wa nyuma kikaigeuza itazame upande wa pili. Propela zote mbili zinazunguka mwelekeo mmoja, lakini difu ya mbele imegeuzwa, kwa hiyo gari likienda mbele, difu ya mbele inafanya kazi kama ile ya nyuma inavyofanya gari likirudi nyuma. Jino la krauni limepinda: upande mmoja umetuna kama mgongo, upande mwingine umebonyea kama tumbo. Difu ya nyuma inasukumwa kwenye mgongo, upande wenye nguvu. Ya mbele inasukumwa kwenye tumbo, upande dhaifu. Kwa hiyo difu ya mbele inaanza safari ikiwa imepungukiwa nguvu. Kosa dogo ambalo nyuma lingevumilika, mbele linakata meno.

Na makosa tunayafanya. Kubwa kuliko yote ni kuacha fowili, yaani magurudumu yote manne kusukuma, ikiwa imeingia ukiwa kwenye lami. Magari haya hayana difu ya tatu katikati. Ukiingiza fowili, propela ya mbele na ya nyuma zimefungwa pamoja. Kwenye kona magurudumu ya mbele yanatembea njia ndefu kuliko ya nyuma. Mchangani Kigamboni, au kwenye tope la mitaani wakati wa masika, tairi linateleza kidogo na deni hilo linalipika. Kwenye lami tairi halitelezi, basi shafti zinajisokota kama kamba, mpaka kitu kiachie. Kwenye Land Rover kuna kitufe cha njano unachobonyeza chini kuingiza fowili, na hakipandi chenyewe. Ni lazima usimamishe gari, uvute mkono mwekundu nyuma kwenye gia nzito, cha njano kiruke juu, ndipo urudishe mkono mbele. Dereva asiyefundishwa hilo anatoka Kigamboni mchangani na fowili yake mpaka Mbezi.

La pili ni maji. Difu ikitembea inapata joto, hewa ya ndani inatanuka na kutoka kwenye kipumulio kidogo kilicho juu ya ekseli. Ukiingia ghafla kwenye maji, kama yale yanayojaa Jangwani Mto Msimbazi ukifurika, hewa inapoa na kujikunyata, na difu inavuta. Kipumulio kikiwa kimezibwa na tope, itavuta kupitia sili, zile pete zinazozuia oili isivuje, na itakachovuta ni maji. Wanaoendesha ufukweni wanavuta maji ya chumvi, mabaya zaidi, maana yanakula beringi gari likiwa limelala tu nyumbani.

Mwaka jana aliniletea gari mzee mmoja, 109 Series III, aina iliyotoka kiwandani kati ya 1971 na 1985. Nilipomwamkia alijibu: "Marahaba, mwanangu. Nimefungiwa difu mpya ya mbele, hata wiki tatu haina, na inalia. Hebu nisikilizie." Hakuhitaji kunieleza zaidi. Ukiingiza fowili na kuongeza mafuta ilivuma, ukiachia ilinyamaza kidogo na kugonga.

Nililiinua mbele, nikaliweka kwenye stendi, nikafungua plagi ya chini. Oili ilitoka na rangi ya chai ya maziwa. Nilipitisha sumaku kwenye beseni, ikatoka na ndevu za chuma laini, na katikati yake kipande cha ukubwa wa punje ya mchele: ncha ya jino. Kwenye gari hili unatoa shafti za pembeni kwanza, ukivuta kila moja pamoja na tufe la chuma la usukani wake na habu yake, kisha unafungua propela, nati za kuzunguka difu, na difu nzima inatoka upande wa nyuma wa ekseli kama chungu. Shikeni watu wawili, ni nzito.

Difu ilipokuwa juu ya meza nilisugua mafuta kwenye uso wa pinioni nikatafuta namba. Krauni na pinioni huzaliwa pamoja. Kiwandani zinasagana zenyewe kwa zenyewe mpaka zijuane, kisha zinaandikwa namba moja ili zisitengane. Kwenye difu ya mzee, krauni ilikuwa na namba yake na pinioni yake. Gereji iliyotangulia ilinunua krauni mpya, ikaona pinioni ya zamani "bado nzima", ikairudisha. Nilisikitika sana kuona hivyo, maana mzee alikuwa amelipia mpya. Krauni na pinioni ni kitu kimoja chenye vipande viwili. Ukibadilisha kimoja umeharibu vyote.

Sasa kuseti. Kuna mambo matatu, na yanafuatana.

Pinioni lazima ikae kwenye kina chake. Kina kinapangwa kwa shimu, vile vyuma vyembamba vya duara vinavyokaa nyuma ya beringi yake kubwa. Shimu ikizidi, pinioni inaingia ndani mno na kuuma kwenye shina la jino la krauni. Ikipungua, inakaa nje na kushika ncha tu. Hapo ndipo meno yanapokatika, kwa sababu ncha haina nyama ya kubeba mzigo. Wapo wanaozirudisha shimu za zamani zilezile kwenye pinioni mpya kwa kuwa ndizo zilizokuwepo. Pinioni mpya haijui hesabu ya ile ya zamani.

La pili ni mchezo kati ya meno. Ukishika krauni na kuitikisa huku pinioni imezuiwa, lazima icheze kidogo, kidogo sana: kwenye Land Rover milimita 0.20 hadi 0.25, kwenye Land Cruiser za 40 kama 0.15 hadi 0.20. Karatasi mbili za daftari zikibebana zina unene wa 0.2 hivi. Kwa macho au kwa kidole hupimi kitu kama hicho. Unahitaji kipimo cha saa, kile chenye sindano, kimeshikwa imara, ncha yake imegusa jino la krauni. Upime sehemu nne za duara, maana krauni iliyofungwa juu ya uchafu huyumba. Land Rover ina nati kubwa mbili zenye meno, moja kila upande wa krauni: unalegeza moja unakaza nyingine, krauni inasogea kuelekea pinioni au kuiacha. Nati hizohizo ndizo zinazozibana beringi za pembeni, kwa hiyo kila unapotafuta mchezo usisahau mbano. Na vile vifuniko viwili vya beringi hizo vitie alama kabla hujavifungua. Vilichongwa vikiwa mahali pake. Cha kushoto ukikipeleka kulia, beringi haitakaa duara tena.

La tatu ndilo ninalolipenda, maana difu inakuonyesha yenyewe. Unapaka rangi nzito kwenye meno machache ya krauni. Mimi nachanganya rangi ya unga ya njano na mafuta mpaka iwe kama siagi. Kisha unazungusha pinioni kwa mkono huku mwenzako anaizuia krauni kwa kipande cha mbao ili iwe na uzito. Pinioni inapopita inaifuta rangi na kuacha picha ya mahali inapogusa. Picha nzuri ni kama yai lililolala katikati ya jino. Ikishuka shinani, toa shimu. Ikipanda nchani, ongeza. Ikikimbilia mwisho wa ndani au wa nje wa jino, rudi kwenye nati za pembeni. Kwenye difu ya mzee nilitoa na kurudisha beringi ya pinioni mara tatu. Siku nzima ilikwenda hapo, na sikuona njia ya mkato.

Na picha hiyo usiisome upande wa mgongo peke yake, kama tulivyozoea kwenye difu za nyuma. Difu ya mbele inasukuma kwa tumbo. Yai likiwa zuri mgongoni na baya tumboni, umeseti difu ya nyuma ukaifunga mbele.

Kuna mtego mwingine kwa anayenunua difu nzima ya mtumba. Difu ya Range Rover za zamani, Discovery au Defender inaingia vizuri kwenye ekseli ya 109, nati zinalingana, na muuzaji hatakudanganya akisema inakaa. Lakini nyingi ni 3.54, na nyuma yako kuna 4.7. Bila fowili hutasikia chochote. Siku unayoibonyeza, nyuma ikizunguka mara 3, mbele inataka mara 4. Kupima ni rahisi: inua gurudumu moja, jingine libaki chini, lizungushe raundi mbili kamili, hesabu propela imezunguka mara ngapi. Ikifika karibu tano ni 4.7. Ikiwa tatu na nusu, mrudishie.

Wapo pia wanaochomelea zile gia ndogo ili magurudumu yote yasukume matopeni. Mbele usifanye hivyo kabisa. Usukani utakuwa mgumu, na shafti itakatika ukiwa kwenye kona.

Difu ikirudi kwenye ekseli, badilisha sili zote na gasketi, jaza oili nzito ya 90 ya difu mpaka ichuruzike kwenye tundu la kujazia gari likiwa limekaa sawa, na uimwage baada ya kilomita 500 za kwanza. Kipumulio kifungue, kioshe kwa dizeli, kipulize mpaka usikie hewa inapita. Mimi huwa naongeza mpira mwembamba unaopanda hadi ndani ya boneti, ili difu ipumulie juu ya maji.

Ya mzee ilipokuwa tayari, kabla sijashusha gari, niliandika kwa rangi nyeupe kwenye tumbo la difu: 4.7, mchezo 0.22, namba ya krauni na pinioni, na tarehe. Fundi atakayelala chini ya gari lile siku nyingine, awe mimi au mwingine, ataanzia hapo.