Sentimita Mbili Hazizamishi Nyumba

Tunafunga vihisi vya kupima kimo cha maji ya mto ili watu waonywe kabla ya mafuriko. Wiki hii nimeulizwa tena, safari hii na mfadhili: "Hicho kifaa chenu cha bei nafuu kinakosea kiasi gani?" Swali si baya. Shida ni kwamba muulizaji huja na jibu lake mfukoni, na jibu hilo nimeshalisikia kwa wahandisi, kwa viongozi wa vijiji, hata kwa vijana tunaowafundisha kulehemu waya. Niliandike mara moja, nipumzike.

Dhana: Kifaa rahisi hakipimi sawasawa, kwa hiyo afadhali kusubiri kimoja cha ghali kuliko kufunga vitano duni.

Kihisi cha mawimbi ya sauti kinachoning'inia chini ya daraja hufanya kazi moja tu. Hutoa mlio usiosikika na masikio yetu, husubiri mwangwi urudi kutoka kwenye maji, kisha hukokotoa umbali. Kikifungwa vizuri hukosea sentimita moja au mbili. Mto unaoingia majumbani haupandi sentimita mbili, unapanda mita mbili. Anayebishania sentimita hajawahi kulala kando ya mto.

Makosa makubwa yapo, ila hayatokani na bei. La kwanza ni joto. Hewa ikiwa nyuzi 20, sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, na kila nyuzi inayoongezeka huongeza kama mita 0.6. Ukiiacha programu ihesabu kwa nyuzi 20 ilhali adhuhuri imefika 35, umbali wa mita 4 utasomeka pungufu kwa sentimita 10 hivi. Kwenye grafu utauona mto "ukipanda" kila mchana na "kushuka" kila usiku, kiangazi kizima. Dawa ni kipimajoto kidogo karibu na kihisi, chini ya kivuli na ndani ya kasha jeupe, la sivyo utakuwa unapima joto la plastiki.

La pili: kifaa hakijui maji ni kitu gani. Mwangwi wowote kwake ni mto. Kimoja tulichokifunga kilitutumia ujumbe kwamba maji yamefika ubavuni mwa daraja, saa nane mchana, jua linawaka. Tukakimbilia huko na kompyuta na waya zetu. Mama aliyekuwa akifua pale chini akatutazama tunavyohangaika, akanyoosha kidole: "Mwanangu, hao ni nyigu." Walikuwa wameanza kujenga kiota mdomoni mwa kihisi. Tangu siku hiyo programu zangu husoma mara kumi na tano mfululizo na kuchukua thamani ya katikati, yaani ya nane zikipangwa kutoka ndogo hadi kubwa. Wastani siutaki, kwa sababu tawi moja likipita linauharibu. Ila kwa nyigu hakuna hesabu, wanahitaji mtu na brashi.

La tatu ndilo baya kuliko yote, kwa sababu halionekani. Kifaa hupima umbali kutoka pale kilipo. Gogo likigonga chuma kilichokibeba, kikainama kidogo tu, vipimo vyote vinahama na data inaendelea kuja safi kabisa. Ndiyo maana nang'ang'ania jambo moja hadi wenzangu wananiita mzee wa rangi: kabla ya kihisi, paka vipimo kwenye nguzo ya daraja, mstari kila sentimita 10, tarakimu kubwa za kusomeka kutoka ukingoni. Mtu wa pale asome asubuhi na jioni, aandike daftarini. Daftari na kihisi vikitofautiana, mmoja amehama, na nguzo haihami kirahisi. Bila mistari hiyo, hata kifaa cha ghali kinajitolea ushahidi chenyewe.

Halafu kuna hivyo vitano. Wimbi la mafuriko likisafiri mita 2 kwa sekunde, hukata kilomita 7 na ushei kwa saa. Kifaa cha ghali kilichofungwa hapa kijijini kitakuambia kwa usahihi mkubwa kwamba maji yako mlangoni. Cha bei nafuu kilicho kilomita 30 juu ya mto kinakupa kama saa nne za kuwatoa wazee, watoto na mifugo. Chagua.

Dhana: Hapa mvua haijanyesha, basi hakuna hatari.

Mto hauna habari na mawingu yako. Unabeba mvua ya bonde zima, na milimita 1 tu ikinyesha juu ya kilomita moja ya mraba ni lita milioni moja.

Dhana: Paneli ya sola ipo, umeme si tatizo.

Siku za mafuriko ndizo siku za mawingu. Chagua betri itakayodumu siku kumi bila jua, kisha jiulize mnara wa simu unaopeleka ujumbe wa kifaa nao utadumu siku ngapi. Tarumbeta, kengele au kipaza sauti kiwepo, hata kama vijana watacheka.

Dhana: Yale yalikuwa mafuriko ya miaka mia, hayarudi kesho.

Maana yake ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka. Ukikaa hapo miaka 30, uwezekano wa kuyaona walau mara moja unazidi robo.

Dhana: Wanakijiji hawaelewi teknolojia, na vifaa vitaibwa.

Hii hunikera hasa ikisemwa mbele yao. Kiwango cha tahadhari hatukipati maabara, tunapewa na watu: maji yakifika jiwe lile, njia ya shule imekatika, yakifika mwembe ule, nyumba za bondeni zimekwisha. Sisi tunageuza jiwe na mwembe kuwa sentimita, basi. Kuhusu wizi, vifaa nilivyoona vikipotea vilifungwa na wageni waliofika asubuhi wakaondoka jioni bila kumwambia mtu kile kisanduku ni cha nini.

Dhana: Kikishafungwa, kazi imekwisha.

Kabla ya kila msimu wa mvua kuna utando wa buibui wa kufuta, skrubu za kukaza, salio la laini ya kuongeza na king'ora cha kujaribiwa watu wote wakiwa na taarifa. Kwa hiyo swali langu la kwanza kikaoni halihusu bajeti. Nauliza hapa nani ana ngazi, na yuko tayari kupanda. Asipopatikana, nakirudisha kihisi kwenye boksi na tunaanza na kopo la rangi.