Jina Likiwa Ukutani Runnymede, Kaburi Halijulikani

Novemba inapokaribia, mwezi ambao Uingereza huwakumbuka waliofia vitani, maswali kwetu huongezeka. Mojawapo linajirudia mno, hata kutoka kwa Watanzania na Wakenya wanaoishi huku: "Nimefukua kipande cha ndege ya vita shambani, naruhusiwa kukiuza?" Hapana. Na hukupaswa kukifukua. Sababu yake iko Runnymede.

Mnara wa kumbukumbu wa majeshi ya anga umesimama kwenye kilima cha Cooper's Hill, Surrey, juu ya mto Thames. Malkia Elizabeth II aliuzindua tarehe 17 Oktoba 1953. Majina zaidi ya 20,000 yamechongwa kwenye mawe ya kingo za madirisha membamba, na bado wageni hufika na maua wakiuliza kaburi liko upande gani. Hakuna kaburi pale, hata moja. Walioandikwa ni waliopotea katika Vita Kuu ya Pili wakitumikia kutoka vituo vya Uingereza na vya kaskazini na magharibi mwa Ulaya, wasijulikane walipolala. Wengi wamo baharini. Wengine wangali ardhini, ndani ya ndege zao.

Wala si marubani tu. Noor Inayat Khan, wa kikosi cha wanawake cha jeshi la anga, alipelekwa Ufaransa kurusha ujumbe wa redio kwa siri, akauawa katika kambi ya mateso ya Wanazi ya Dachau mwaka 1944. Amy Johnson alikuwa raia aliyepeleka ndege kutoka kituo hadi kituo. Alizama kwenye mlango wa Thames Januari 1941.

Sasa sheria. Sheria ya Kulinda Mabaki ya Kijeshi ya mwaka 1986 inalinda kila ndege ya kijeshi iliyoanguka Uingereza ikiwa kazini, hata kama hakuna aliyekufa ndani yake, na hata kama haina bango wala uzio. Kutazama si kosa. Kosa ni kugusa kwa kuharibu, kusogeza, kuchukua au kufukua bila kibali cha Wizara ya Ulinzi. "Lakini shamba ni langu" si utetezi. Ridhaa ya mwenye shamba ni kiambatisho kimojawapo tu cha maombi. Mwombaji huonyesha pia mahali penyewe, ndege iliyoangukia hapo na yaliyowapata waliokuwemo. Maombi yaletwe miezi mitatu kabla ya siku ya kuchimba, si wiki ambayo trekta limeshakodiwa. Palipo na uwezekano wa kukuta miili, kibali hakitolewi. Penye dalili za mabomu mengi ambayo hayajalipuka, hakitolewi vilevile. Mwenye kupatikana na hatia hutozwa faini, na kesi ikifika mahakama ya ngazi ya juu, yaani Crown Court, faini hiyo haina kikomo. Ndiyo, sheria hii haina kifungo. Hilo huulizwa haraka kuliko yote, na linatupa wasiwasi kidogo. Ndege za kijeshi za Uingereza ni mali ya serikali, na kuuza mali hiyo ni shauri jingine, lina sheria zake. Ndege za Wajerumani zilizoanguka hapa nazo huhesabiwa mali ya serikali, kwa hiyo hoja ya "hii ilikuwa ya adui" haisaidii.

Mifupa ikionekana, kazi isimame hapohapo na polisi waitwe. Aliyemo akitambuliwa, huzikwa kwa heshima za kijeshi na kupata jiwe lake mwenyewe.

Neno kwa wajukuu wa Keya, yaani askari wa King's African Rifles (KAR). Kama babu alipotelea Burma (Myanmar ya leo), msimtafute Runnymede. Askari wa Afrika Mashariki waliofia huko bila kaburi wamo kwenye mnara wa Rangoon, ndani ya makaburi ya Taukkyan. Majina yote haya hutafutwa bila malipo kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Anzeni na jina la ukoo na namba ya jeshi, na mjaribu tahajia zaidi ya moja, kwa kuwa makarani wa wakati ule waliandika walivyosikia.

Na kwa ambaye tayari ameokota kipande cha ndege: usikioshe, usikinyooshe. Andika ulikikuta wapi hasa na kwa kina gani, kisha iarifu Wizara ya Ulinzi. Kama hujui ni chuma cha ndege au ni bomu, kiache kilipo, sogea mbali, piga simu polisi.