Gofu ya pwani: kusi, kaskazi na fimbo unayoichagua

Wachezaji wanaoshuka kutoka Nairobi huja kwangu na lalamiko lilelile: chuma namba 7, fimbo ya masafa ya kati, hakipeleki mpira walikozoea. Kwa sehemu ni suala la mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi. Huku kwetu pwani hewa ni nzito na mpira huchoka mapema. Hilo mtu hulizoea upesi. Kazi kubwa ni upepo.

Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban Desemba hadi Machi. Kusi hushika zamu kuanzia Aprili hivi hadi Septemba au Oktoba, na ndiyo kali zaidi, hasa Juni hadi Agosti. Nenda Mombasa Golf Club, klabu ya tangu 1911, mashimo 9 juu ya majabali ya matumbawe upande wa Mama Ngina. Hakuna cha kukukinga na bahari. Shimo lililokuwa jepesi Januari, Julai hulitambui. Uwanja wa Vipingo, kule Kilifi, ni vivyo hivyo: Magical Kenya Ladies Open, mashindano ya wanawake, aliyoshinda Mjerumani Esther Henseleit mwaka 2019 ilichezwa Desemba, na ile ya Mhindi Aditi Ashok mwaka 2023 ilichezwa Februari. Zote za kaskazi. Ukitaka kulinganisha alama zako na zao, anza na kalenda.

Sasa, upepo wa mbele. Wengi wakiuona hukaza misuli na kupiga kwa nguvu zote, na hapo ndipo wanapopotea. Mpira ukitoka kwenye fimbo huzunguka kinyumenyume, na mzunguko huo ndio unaouinua. Upepo wa mbele huongeza kasi ya hewa inayoupita, kwa hiyo unapanda zaidi ya kawaida. Ukipiga kwa nguvu unaongeza mzunguko: mpira unapaa kama tiara, unasita juu, kisha unaanguka karibu wima. Chukua chuma namba 5, cha kupiga mbali zaidi, badala ya 7, shika mpini chini kidogo, uweke mpira nyuma kidogo ya ulipouzoea, piga taratibu na uikate safari ya mikono ifikapo kifuani. Mpira utakwenda chini chini na kuendelea kubingirika ukitua.

Upepo wa nyuma husaidia, lakini haulipi yadi zote ambazo wa mbele ulikunyang'anya. Usizipigie hesabu sawa.

Na usiiamini bendera ya shimoni peke yake. Iko chini, mara nyingi imekingwa na miti, ilhali mpira wako unapita juu kabisa. Tazama vilele vya minazi: makuti yakielekea upande mmoja na bendera upande mwingine, fuata makuti.

Kwenye grini, yaani sehemu ya nyasi fupi inayozunguka shimo, kuna kanuni ya tangu 2019 ambayo wachezaji wa pwani wanaihitaji kuliko wa bara. Ukiwa umeshaweka alama ya mahali mpira ulipo, ukauinua na kuurudisha, kisha upepo ukausogeza, unaurudisha pale pale bila adhabu. Kama hujauinua, unacheza kutoka pale mpira uliposimama, hata ukiwa umebingirika hadi nje ya grini. Ndiyo maana siku za kusi kali nawataka wanafunzi wangu waweke alama na kuuinua mpira mara wafikapo, hata ukiwa hatua mbili tu kutoka shimoni.