Wanyama Waliokaushwa Makumbusho Si Mapambo Tu

Wengi Nairobi huamini kuwa ndege na wanyama waliokaushwa makumbusho ni wa kutazamwa na wanafunzi tu. Si ajabu, maana vielelezo vingi hufungiwa kwenye droo wasikofika wageni.

Lakini hutumika pia katika utafiti. Huko Uingereza, maganda ya mayai ya zamani yaliyohifadhiwa kwenye droo yalipolinganishwa na ya baada ya miaka ya 1940, ya ndege wawindaji yalionekana yamekuwa membamba, yakipasuka yakiatamiwa. Chanzo kilikuwa DDT, dawa ya wadudu iliyokuja kupigwa marufuku mashambani katika nchi nyingi. Bila mayai yale ya droo, wanasayansi wangelinganisha na nini? Manyoya nayo hutunza zebaki, madini yenye sumu, hivyo ya zamani huweza kulinganishwa na ya sasa vilevile.

Ukitaka kuhakiki kama kielelezo kinafaa utafiti, uliza lebo: kielelezo kilipatikana wapi, lini? Kisicho na lebo kwa kweli hubaki pambo. Kumbukumbu nyingi za vielelezo pia husomwa bure intaneti, ukitafuta kwa jina la kisayansi.