Je, wajua kwa nini kuna redio inaongea tu kutwa nzima na watu hawaizimi?

Dogo wa nyumbani alikuta simu yangu inapiga redio ya Waingereza, akasikiliza kama nusu saa hivi afu akauliza, hawa jamaa muziki wanapiga saa ngapi? Nikamwambia hapo hata ukae mpaka kesho ni maneno tu. Ilikuwa BBC Radio 4, na kweli kutwa ni habari, mahojiano, mchezo wa redio, sayansi, bustani, mambo ya bunge, vichekesho, na wasikilizaji ni mamilioni. Inawezekanaje?

Muziki kukosekana ni stori ya 1967. Vijana walikuwa wamekimbilia redio za magendo zilizorusha matangazo kutoka melini, kama Radio Caroline, pop asubuhi hadi usiku. Serikali ikatunga sheria ya kuzibana ikaanza kazi Agosti 1967, na BBC nayo tarehe 30 Septemba ikajigawa upya: Radio 1 ya vijana, Radio 2 muziki laini, Radio 3 ya kina Beethoven, maongezi yakaangukia Radio 4. Halafu wale wanaendeshwa kwa ada ya leseni inayolipwa na wenye tv, kwaiyo hakuna wa kumkatiza profesa katikati ili auze sabuni.

Sawa, ila hiyo haijaeleza kwa nini mtu haizimi. Mimi naona siri iko kwenye ratiba, yaani ukiichunguza utakuta kila kipindi kiliwekwa kwa kuangalia mikono ya msikilizaji saa hiyo inafanya nini. Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi ni Farming Today, mkulima ndo anavaa mabuti. Saa kumi na mbili mpaka saa tatu ni Today, habari na wanasiasa kubanwa maswali, watu wanakunywa chai na kukimbilia kazini. Woman's Hour ilipoanza Oktoba 1946 iliwekwa saa nane mchana, mama kamaliza vyombo vya chakula cha mchana angalau akae kidogo (na mtangazaji wake wa kwanza alikuwa mwanaume, Alan Ivimey, sijui walifikiria nini). Mwaka 1991 wakaihamishia asubuhi, wasikilizaji wakalalamika kweli kweli, maana ukisogeza kipindi umesogeza siku ya mtu.

Saa moja jioni ni The Archers, mchezo wa redio wa kijiji cha kubuni kinaitwa Ambridge. Ulianza kusikika nchi nzima tarehe 1 Januari 1951, vita imeisha lakini chakula bado kinagawiwa kwa mgao, na Wizara ya Kilimo inataka wakulima wazalishe zaidi. Sasa mkulima ukimpa mhadhara analala, ndo wakauficha ushauri kwenye ugomvi wa familia na mapenzi, na mpaka leo mchezo upo. Wabongo hapa tunaelewana, Twende na Wakati ya Redio Tanzania ilianza 1993 kwa mtindo huohuo, dereva wa lori Mkwaju na vituko vyake, kumbe ndani yake kuna uzazi wa mpango na ukimwi. Tena miaka ile ya mwanzo Dodoma hawakurushiwa makusudi kabisa, ili watafiti walinganishe waliosikia na wasiosikia.

Lakini kipindi ninachokipenda zaidi ni kile ambacho mtu mgeni hawezi kukielewa, taarifa ya hali ya hewa baharini, inasomwa usiku saa saba kasoro. Kabla yake kinapigwa kimuziki kinaitwa Sailing By, moja ya nyimbo chache utakazosikia humo, na kina kazi yake: kinajaza muda mpaka dakika ifike na kinamsaidia baharia kujua kwamba yuko kwenye masafa sahihi. Afu mtangazaji anaanza kutaja maeneo ya bahari, 31 kwa jumla, Viking, North Utsire, South Utsire, Forties, anazunguka visiwa vya Uingereza kama mshale wa saa mpaka Southeast Iceland. Mpangilio haubadiliki, kwaiyo nahodha anajua eneo lake liko baada ya lipi na anakaa na kalamu. Upepo unatoka wapi, namba ya nguvu yake, mvua ipo au hakuna, mwisho ni neno moja tu, "good" au "poor", hapo ni umbali wa kuona, wala sio sifa ya bahari. Maneno yamebanwa hivyo kwa sababu taarifa nzima imewekewa kikomo cha maneno 350 tu, hiyo ya usiku ndo inaongezewa kidogo, 380. Wasio na hata mtumbwi nao wanaisikiliza, kitandani, kama watoto wanaosimuliwa hadithi.

Na vile vilio sita vya saa, pi pi pi, waliokua na Idhaa ya Kiswahili ya BBC mnavijua. Vilianza Februari 5, 1924, siku hizi vitano ni vifupi cha sita kirefu, na saa inatimia pale cha sita kinapoanza, sio kinapoisha. Ukisikiliza kwa simu kama mimi usivitumie kurekebisha saa, intaneti inavichelewesha kwa sekunde kadhaa.

Baada ya taarifa ya bahari unapigwa wimbo wa taifa, saa saba usiku mawimbi wanakabidhiwa BBC World Service mpaka alfajiri, mkulima atafute tena mabuti yake.