Nanomita 500 haina namba kamili kwenye skrini

Vijana ninaowafundisha Sinza, Dar es Salaam, wengi huamini kila urefu wa wimbi la mwanga una namba zake tatu za nyekundu, kijani na buluu: ipe programu ya hesabu nanomita 500, upate rangi yenyewe. Sivyo. Kokotoa kwa majedwali ya mwaka 1931 ya CIE, tume ya kimataifa ya mwangaza, yanayoonyesha jinsi jicho linavyoona kila urefu wa wimbi, kisha geuza kuwa rangi za skrini ya kawaida. Kijani kinatoka kama 0.6, lakini nyekundu inatoka hasi, takriban -0.6! Hakuna skrini inayowasha nyekundu chini ya sifuri. Basi programu huikata hasi hiyo au huchanganya weupe kidogo. Elekeza leza ya kijani ukutani, kando ya kompyuta. Kijani cha skrini kitaonekana kimepauka.